Kovu la Korosho

Hata leo nikishika korosho mbichi, begani kwangu kushoto panavimba. Si mikono tu iliyozishika, ambayo nayo huwasha na kutoka malengelenge, bali pale begani, mahali ambapo hapajaguswa na chochote. Kuna kovu pale, la duara, kubwa kama kifungo cha koti. Nililichoma mwenyewe nikiwa na miaka kumi na moja, kwa sababu niliogopa sindano, na kwa sababu nilikuwa mtoto wa kujiona ana akili kuliko wote waliomzunguka.

Baba alikuwa karani bandarini Mtwara. Sisi tulikuwa watu wa kuja, Wakristo kutoka milima ya kaskazini, tukapewa nyumba mtaa wa Rahaleo katika miaka ya sitini. Nyuma yetu alikuwapo mwanamke mmoja mkulima, Mwislamu, aliyekaa nusu ya mwaka kwa binti yake pale mjini na nusu nyingine shambani kwake, kwenye mihogo na mikorosho, upande wa mdomo wa Ruvuma. Tulimwita Bibi kama alivyoitwa na kila mtoto wa mtaa. Uso wake ulikuwa na chale za kizamani, na juu ya chale vishimo vingi vya ndui aliyougua utotoni. Ulimi wake haukuwa na breki. Siku ya kwanza alipotukuta tunatafuna korosho zake alisema, "Baba yenu anajua kuandika, kuomba hajawafundisha?"

Mwaka Mama alipojifungua mtoto wa tatu, Bibi alituchukua mimi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka sita, tukakae naye shambani likizo nzima ya Desemba. Ndiko nilikojifunza kazi ya mafuta ya ganda. Korosho mbichi ukiipasua, ganda lake hutoa mafuta ya kahawia, makali ajabu. Yakigusa ngozi huibabua. Ngozi inakuwa nyeusi, baada ya siku kadhaa inabanduka, na alama inabaki. Wasichana wa kule walijichora kwayo maua na herufi za majina yao mikononi. Bibi aliwagombeza kwa sauti kubwa, na mkono aliokuwa akiwanyoshea ulikuwa na nyota aliyojichora kwa mafuta hayo hayo alipokuwa msichana.

Shuleni tulikuwa tumeambiwa kwamba tukifungua Januari, Bwana Afya angekuja na chanjo ya ndui. Atakayekutwa na kovu la chanjo begani angepita, asiye nalo angechanjwa. Nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani aliyechanjwa mwaka uliotangulia: mkono umevimba, kidonda kina usaha, usiku kucha analia. Nikasema mimi hayo hayanipati. Nikachukua korosho, nikaipasua kwa jiwe, nikaikandamiza begani nikiwa nimeuma khanga. Ilichoma mpaka nikaona vimulimuli. Lakini nilipoona doa la duara limekaa vizuri, nilijisifu moyoni, nikamwita mdogo wangu.

Hili ndilo ambalo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Yeye hakutaka. Nilimkalia miguu, nikambana mkono, nikamwekea ile korosho huku akilia, "Dada, inachoma, Dada!"

"Nyamaza. Sindano inachoma zaidi. Na usimwambie mtu."

"Hata Mama?"

"Hata Mama."

Januari Bwana Afya alikuja kweli, mtu mrefu mwenye kofia ya jua, na foleni ya watoto ikazunguka uwanja. Alikuwa amechoka. Alitazama bega langu kwa nukta moja, akasema, "Pita." Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, naye akaambiwa, "Pita." Siku hiyo nilitembea kama mtu aliyeishinda serikali.

Msimu uliofuata tulirudi shambani kwa Bibi. Safari hii nilikuwa mkubwa wa kutosha kuokota na kutenganisha korosho na mabibo yake, na mdogo wangu kazi yake ilikuwa kula mabibo. Siku ya tatu mikono yangu ilianza kuwasha. Siku ya nne ikatoka malengelenge mpaka kwenye viwiko. Hilo sikulishangaa sana. Lililonishangaza ni kwamba asubuhi ile ile lile kovu la begani, lililokuwa limetulia mwaka mzima, liliamka. Lilivimba, likawa jekundu, likaanza kutoa majimaji. Hakuna tone la mafuta lililofika pale. Nililala na blauzi ya mikono mirefu, nikaamka nayo. Niliogopa. Nilihisi kuna mtu ndani yangu aliyekuwa akiandika mambo, na mimi sikuwa na habari naye.

Bibi aliligeuza bega langu huku na huku. Akacheka. "Nkorosho umekujua wewe. Umekushika. Mwaka jana ulifanya nini nao?"

"Sikufanya kitu, Bibi."

"Haya. Njia ya mwongo fupi, mjukuu wangu." Akanipaka mafuta ya nazi na kunikataza kugusa korosho tena.

Wiki hiyo hiyo alifika mpwa wa Bibi, mtu wa makamo aliyevuka mto kwa mtumbwi. Alifika na homa na maumivu ya mgongo, wakasema ni malaria, wakamlaza barazani. Alikuwa mcheshi hata katika homa yake, bingwa wa vitendawili, na mdogo wangu alimganda kama kupe. Ndiye aliyempelekea maji. Mgonjwa akishindwa kumaliza, mtoto alimalizia, kikombe kile kile cha bati cha buluu, kisha akasema, "Tega kingine."

Asubuhi ya siku ya tatu Bibi alitoka na uji, akamtazama mgonjwa usoni, akauweka uji chini. Vipele vilikuwa vimejaa kwenye paji la uso na kwenye viganja. Hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Ndui," halafu akatufukuza sote pale barazani kwa ufagio, kama kuku.

Kilichofuata sijakiona tena mahali pengine. Kwa watu wa pale ilikuwa desturi kwamba mwenye ndui huuguzwa na wenye makovu ya ndui, na hao hawasubiri kuitwa. Kabla jua halijawa kali walikuwa wamefika watatu: mzee wa jicho moja, ambaye jicho la pili lilichukuliwa na ugonjwa huo huo, na wanawake wawili wenye nyuso za vishimo kama uso wa Bibi. Walijenga kibanda cha makuti mwisho wa shamba, wakambeba mgonjwa, wakamlaza juu ya majani ya mgomba, wakamwosha, wakamnywesha uji kwa kijiko. Walimshika kwa mikono mitupu, pale pale kwenye vipele. Sisi wengine tulisimama mbali na pumzi zetu tumezibana.

"Bibi, huogopi?" nilimuuliza alipotoka kuchota maji.

"Mimi? Ndui alikuja kwangu sijaota hata maziwa. Ananijua na mimi namjua. Nyumba aliyokwishalala harudi." Akaendelea na safari yake ya kisimani.

Niliitazama mikono yake. Mwili wa mwanamke yule ulikuwa umekutana na adui mara moja, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na bado ulikuwa unamkumbuka. Yeye mwenyewe hakukumbuka hata jina la mwaka ule. Ngozi yake ilikumbuka, au damu, au kitu gani, sikujua. Nilitamani sana kujua ni kitu gani.

Habari zilipelekwa zahanati kwa baiskeli, na kesho yake alasiri Bwana Afya akafika. Alikuwa yule yule mwenye kofia ya jua. Aliingia kibandani, akatoka, akanawa, akatupanga mstari uani. Alikuwa na vichupa vidogo vya dawa ya chanjo na akatueleza hali ilivyo bila kuzunguka: kichupa kikishafunguliwa hakilali, na yeye ana mashamba mengine matatu ya kufika kabla ya jua kuchwa, kwa watu waliomsalimia mgonjwa njiani. Asiye na kovu achanjwe kwanza. Mwenye kovu jipya akae kwenye benchi, yeye kwa leo ana kinga.

Mimi na mdogo wangu tulikwenda kukaa kwenye benchi.

Alipita akikagua mabega. Kwangu alisimama. Kovu lilikuwa bado limevimba na linatoa maji. "Hili ni la lini?"

"Januari, Bwana Afya. Shuleni."

"Kovu la Januari linalia mpaka leo?" Aliinama, akalitazama kwa umakini ambao hakuwa nao siku ile ya foleni. "Mimi nimechanja watu wa Mtwara mpaka mikono ikafa ganzi. Kovu langu nalijua. Hii ni korosho."

Nikatikisa kichwa kukubali. Watu wote waligeuka. Alinichomoa pale kwenye benchi, akadondosha tone mkono wa kulia, akachomachoma juu yake kwa sindano, mara nyingi, haraka haraka. Nasema kweli tupu: haikufikia hata robo ya uchungu wa korosho.

Kisha akamtazama mdogo wangu. Bega lake lilikuwa kavu. Yeye hakushika korosho msimu ule, kwa hiyo kovu lake halikuamka. Lilikuwa duara dogo safi, la kumdanganya yeyote. "Wewe sawa," akasema. Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Naandika haya nikiwa mtu mzima na uso bado unapata moto. Mwili wangu ulikuwa umenisaliti na kwa kunisaliti ukaniokoa, na mtoto niliyemkalia miguu alikuwa ameachwa. Nilichopaswa kufanya ni kufungua mdomo. Lakini kusema langu tu kulikuwa kumenimalizia ujasiri. Nilifikiria fimbo ya Baba, nikafikiria Mama atakavyolia, nikafikiria watu wote wale wakijua kwamba nilimbana mtoto mdogo na kumchoma. Nikanyamaza. Bwana Afya alifunga sanduku lake, akalikaza nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaaga, akaondoka.

Haikupita muda, mdogo wangu akakiona kile kikombe cha buluu ukutani barazani, kimesahauliwa. Akakichukua. Bibi alimrukia, akampokonya, akakitupa motoni.

"Bibi, ni cha mjomba!"

"Mlikinywea wangapi hiki?"

"Mimi peke yangu."

Bibi akalitazama bega lake, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi una chanjo. Ntoto aliyenywea hapa hana chanjo, angekuwa wa kuombewa tu."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tayari nakimbia. Njia ya kule ni mchanga mtupu, unazama mpaka kwenye vifundo, na mchanga huo ndio uliotuokoa, kwa sababu baiskeli haiendeki juu yake. Bwana Afya alikuwa anaikokota. Nilimwona kwenye mihogo ya shamba la pili, ameshafika kwenye kundi la watu, ameshafungua sanduku. Nikapiga kelele tangu mbali. Nilipomfikia sikuwa na pumzi.

"Na mdogo wangu," nikasema.

"Na mdogo wako nini?"

"Na yeye ni korosho."

Nilingoja kofi, wala lisingekuwa la kuonea. Akauliza tu, "Alimgusa mgonjwa?" Nikamwambia kuhusu kikombe. "Tangu lini?" Nikahesabu naye siku kwa vidole: juzi, na siku moja kabla ya juzi. "Bado tuko ndani ya muda," akasema. Aliwachanja wale watu upesi upesi, akatazama kichupa kwenye mwanga, akakifunika kwa kidole gumba, na tukarudi naye shambani kwa Bibi, mimi nikisukuma baiskeli.

Mdogo wangu alinyosha mkono mwenyewe. Hakulia. Muda wote sindano ilipokuwa inachoma alikuwa ananitazama mimi.

Bwana Afya hakutuhubiria. Labda aliona sura yangu inatosha. Alichukua vidole vyangu, akavipeleka kwenye kwapa la mdogo wangu. "Hapa ndani kuna tezi, ndogo sana, sasa hivi huzisikii. Nyie mna madungu, yale majukwaa ya kulindia mihogo, siyo? Hizi ndizo madungu ya mwili. Hii dawa ni ndugu mpole wa ndui. Walinzi walio mkononi watamkamata, watampeleka kwenye dungu, wenzao wamtazame sura. Wakishaishika sura yake watazaana humo ndani, wengi, mpaka dungu livimbe. Ukisikia uvimbe hapa na kipele hapo juu, ujue wameamka. Na ndui mwenyewe akija atawakuta wanamngoja."

"Na wasipoamka?"

"Nitume mtu," akasema, akaenda zake.

Shamba likafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Baba alikuja Jumapili akasimamishwa ng'ambo ya mihogo, na kwa vile sikuruhusiwa kumkaribia, ilibidi nikiri kosa langu kwa kupaza sauti, mbele ya shamba zima. Baba aliuliza mara mbili, "Ulimfanya nini?" Sijui kama hakusikia au alitaka nirudie. Nikarudia.

Kila asubuhi mdogo wangu aliinua mkono akiwa bado kwenye mkeka. "Dada, wameamka?"

Nilipapasa kwapa lake. "Bado."

Kipele changu kilitoka siku ya tatu. Chake hakikutoka. Siku ya nne, hakuna kitu. Nilikuwa sili. Bibi, ambaye sasa alijua yote, alinisukumia sahani ya mihogo na kusema, "Nficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe umekwisha kusema. Kula." Sikuweza. Niliomba kwa maombi yote niliyofundishwa kanisani, na kwa kuwa niliona hayatoshi nikamwomba Bibi aniombee na ya kwake.

Siku ya tano kulikuwa na kidoti chekundu. Siku ya sita kilikuwa kipele. Siku ya nane kilijaa maji na kutanuka, mtoto akapata homa, na asubuhi hiyo nilipopeleka vidole kwapani nikakuta kitu, kigumu, cha mviringo, kama punje ya njugu mawe, ambacho jana yake hakikuwapo.

"Wameamka," nikasema, nikaanza kulia kwa furaha mbele ya kila mtu, na sikuona aibu hata chembe. Ndani ya mtoto mdogo aliyelala kwenye mkeka wa ukindu kulikuwa na umati uliokuwa umezaliwa kwa ajili ya kazi moja tu, na mimi nilikuwa nimeugusa kwa vidole. Sijawahi kugusa kitu kikubwa zaidi ya hicho.

Ndui hakumpata. Hata mimi hakunipata. Mgonjwa alipona, akabaki na uso wa vishimo, na Bibi akamwambia sasa naye ni mwuguzi, akiitwa asisubiri.

Nadhani njia yangu ilianzia pale kwapani. Miaka ya sabini ilipofika katikati nilikuwa mwanafunzi wa maabara hospitalini, pale pale Mtwara, nikijifunza kupaka tone la damu kwenye kioo, kulitia rangi, na kulitazama kwa darubini. Mkufunzi wetu alitufundisha kuhesabu chembe nyeupe: hizi zenye kiini kilichokatika vipandevipande ndizo zinazokimbilia kidonda na kumeza vijidudu, zile kubwa ndizo walaji wa mabaki. Niliposhangaa zaidi ni kwa zile ndogo, limfosaiti, duara la zambarau lenye ukingo mwembamba wa buluu. Hazina sura ya kutisha. Ukiwa na haraka unaweza kuzidharau. Kumbe ndizo zenye kumbukumbu.

Nilisoma kwa pupa. Nikajua kwamba huzaliwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, usiku na mchana, bila mtu kuamrisha. Nikajua wengu, ambao madaktari walikuwa wakiupapasa kwenye matumbo ya watoto wenye malaria, huchuja damu yote inayopita humo. Na nikajua kwamba nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi ambayo ndiyo shule. Chembe hupelekwa huko zikiwa changa, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa humo humo. Chache tu ndizo hutoka. Shule hiyo huwa katika nguvu zake wakati wa utoto, kisha hunywea mwaka hadi mwaka. Mwalimu anazeeka na kufifia, wanafunzi wake wanaendelea na doria mpaka mtu afe. Niliposoma hayo nilifunga daftari nikakaa. Nilimfikiria Bibi na mikono yake mitupu kwenye ngozi ya mpwa wake. Nikafikiria pia bega langu, ambako chembe kama hizo zilikuwa zimejifunza korosho kwa bidii ile ile, kwa sababu nilizifundisha mimi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tano alipokuja kunitembelea maabara, na sare yake ya shule. Nilimtoboa kidole, nikapaka damu yake kioo, nikamwekea. Alitazama muda mrefu.

"Ndio hao?"

"Ndio hao. Wale wadogo."

"Na bado wanaikumbuka ile chanjo?"

"Baadhi yao. Kwa macho huwezi kujua yupi anakumbuka nini. Lakini wanakumbuka."

Alikuwa bado ameinamia darubini, jicho moja limefumbwa. Nikaona kama sitasema siku ile sitasema kamwe. Nikamwambia kwamba siku ile sikukimbia mara moja. Kwamba Bwana Afya alipomwambia yeye yuko sawa nilikuwa nasikia, nikamwacha mpaka akafunga sanduku na kuondoka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakutazama."

"Mbona hukusema? Ulijua lile kovu si la kweli."

Akainua uso kutoka kwenye darubini. Begani, mkono mfupi wa blauzi ulipopanda, yale makovu mawili yalionekana, la korosho limefifia na la chanjo likiwa na vishimo vyake.

"Uliniambia nisimwambie mtu," akasema. "Nikawa nakungoja wewe."